Atalima ya Nani? Jembe, kitabu na "proje" katika masomo ya Kasongo na Kabambare

Leo nataka tuongee historia, lakini nitaanzia kwenye mlango wa darasa.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua zimeshika. Nilikuwa nafundisha masaa machache ya biolojia katika shule moja ya sekondari huku kusini mwa Maniema. Kazi hiyo wengi wetu tunaijua: umemaliza lisansi ya agronomia, kazi hakuna, unaomba masaa, unapewa chaki. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi wa mwaka wa nane waje na majembe siku ya Jumatano. Asubuhi ile mzee mmoja akaja, akasimama mlangoni, akamshika mjukuu wake mkono. Hakugomba. Aliniuliza tu: "Mwalimu, baba yangu alilima pamba ya Leta. Mimi nililima salongo ya Mobutu. Huyu naye atalima ya nani?"

Nilianza kumweleza habari za masomo ya kisasa, mwanafunzi kutenda, sijui nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Asante, mwalimu", akaondoka na mtoto. Mtoto hakurudi kwa majuma mawili.

Siku ile nilikasirika. Nikajiambia: ndiyo maana hatuendelei. Lakini tangu hapo nimesoma kidogo, nimeuliza wazee, na naona mzee yule alijua historia ya masomo ya kwetu kuliko mimi mwenye diploma.

Siku hizi kila mtu anasema: tuache kukariri, twende kwenye masomo ya proje, mwanafunzi atafute, ajaribu, atende. Nakubali kabisa. Shida ni kwamba tunasema kana kwamba ni kitu kipya, kana kwamba zamani kulikuwa chaki tu. Kwa Kasongo na Kabambare si kweli. Jembe liliingia shuleni kwetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa mkataba na kwa sheria. Na jinsi lilivyoingia ndiyo sababu mzazi wa leo akisikia mtoto ameitwa shambani na mwalimu, anasikia neno moja tu: kutumikishwa.

Mpunga haukufundishwa ubaoni

Kabla ya Wabelgiji, Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Waswahili na Waarabu, mji wa Tippu Tip na watu wake. Biashara yao ilikuwa pembe za ndovu na watumwa, tusiifiche. Katika wazee wetu wako waliofika Kasongo shingo zikiwa zimefungwa. Lakini pamoja na misafara hiyo ulikuja mpunga, na mpunga ukaushika udongo wa Maniema mpaka leo hakuna arusi bila wali. Wazungu walipoingia Kasongo mwezi wa 4 mwaka 1893 walikuta mashamba yamezunguka mji: mpunga, mahindi, miwa, miti ya matunda.

Nani aliwafundisha watu wa vijijini kulima mpunga? Hakukuwa na silabusi. Mtu aliona jirani anapanda, akaomba mbegu, akajaribu kwenye shamba lake la msituni, ikaharibika, akauliza, akajaribu tena msimu uliofuata. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kujaribu, maana akikosea, njaa ni yake, na akipata, ghala ni lake.

Wakati huohuo kulikuwa na chuo cha Korani. Mtoto na ubao wake wa mbao, wino, sauti moja pamoja na wenzake, anakariri. Kwa hiyo tusiseme kwamba kukariri kuliletwa na wazungu. Vyote viwili vilikuwako, kila kimoja mahali pake. Maneno matakatifu unayahifadhi bila kubadilisha hata herufi moja. Mpunga unaujua kwa mikono na kwa macho. Hakuna aliyejaribu kukariri mpunga. Hiyo ilikuja kuwa kazi yetu sisi wa iniversite.

Mkataba wa mwaka 1906

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mapadri Weupe walifungua misioni Kasongo. Halafu tarehe 26 mwezi wa 5 mwaka 1906, Leta ya mfalme Leopold ilipatana na Vatikani. Kila misioni itakayofungua shule itapewa ardhi, hekta 100 mpaka 200. Na masomo ya shule hiyo lazima yawe na kilimo, misitu na kazi za mikono.

Tuangalie hapo vizuri. Kilimo cha shule hakikuanza kwa mwalimu aliyetaka mtoto aelewe mmea unavyoishi. Kilianza kwenye karatasi moja na hekta za misioni. Misioni ilihitaji chakula, matofali, mbao, na mikono iliyokuwa karibu ni ya wanafunzi. Sikatai kwamba wengi walijifunza humo useremala na uashi mzuri. Nyumba zao nyingine bado zimesimama. Lakini mtoto hakuulizwa anataka kujua nini.

Mwaka 1917 jambo likawa zito zaidi, na nje ya shule. Dekreti ya tarehe 20 mwezi wa 2 iliruhusu kumlazimisha mwanakijiji kulima mimea iliyochaguliwa na Leta, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, katikati ya vita, siku zikapandishwa mpaka 120. Kwetu Maniema, mmea uliowaumiza watu ni pamba. Nyangwe, hapo karibu na Kasongo, ni kati ya mahali pa kwanza katika koloni nzima ambapo pamba ilijaribiwa. Aliyeongoza kilimo cha koloni kutoka Brussels, tangu 1910 mpaka 1933, ni Edmond Leplae. Lakini kijijini watu hawakumjua Leplae. Walimjua yule aliyekuja na kamba kupima shamba, kuhesabu mistari ya pamba, kuandika nani hajatimiza. Aliyeandikwa alilipa faini au alikwenda kufungwa, na fimbo haikuwa mbali. Mtu huyo wa kamba jina lake lilikuwa agronomu. Msaidizi wake, monitere.

Sasa someni diploma yangu. Imeandikwa nini? Agronomu! Mwanzo wa mwaka nilijitambulisha kwa wazazi kwa fahari, "mimi ni agronomu", na niliona wazee wawili wakitazamana. Nilifikiri wanashangaa ukubwa wa diploma. Kumbe walisikia jina ambalo baba zao walikuwa wakilikimbilia msituni.

Neno moja, vitu viwili

Mwaka 1918, wakati kamba ya agronomu inapita vijijini kwetu, profesa mmoja wa New York, William Kilpatrick, aliandika makala juu ya njia ya proje katika masomo. Alifuata mawazo ya John Dewey. Njia yake ina hatua nne: mtoto awe na lengo lake, apange, atende, kisha ahukumu mwenyewe matokeo. Hatua nne tu. Mambo mengi tunayoyasikia leo kwenye semina yametoka hapo.

Miaka michache baadaye, mwaka 1920 na 1921, tume ya Phelps-Stokes ilitoka Marekani ikazunguka Afrika, na Congo ilipita. Kiongozi alikuwa Thomas Jesse Jones, na pamoja naye James Aggrey, Mwafrika wa nchi inayoitwa leo Ghana. Tume ilisifu shule za kilimo na kazi za mikono, mfano wa Hampton na Tuskegee walikosoma watu weusi wa kusini mwa Marekani. Ubelgiji nao, chini ya waziri Louis Franck, wakaunda tume yao mwaka 1922, na programu za shule za Congo zilizotoka mwaka 1929 zikachukua njia hiyohiyo: shule ya kijiji, lugha ya kienyeji, bustani ya shule, jembe.

Ukisoma karatasi zile utadhani ni proje. Kujifunza kwa kutenda, kufuata maisha ya kijiji, maneno matamu. Lakini chukueni zile hatua nne tuhesabu. Lengo ni la nani? La misioni na la Leta. Nani alipanga? Wao. Nani alihukumu matokeo? Wao tena. Mtoto alibakiwa na hatua ya tatu peke yake, kutenda. Ukiondoa tatu ukabakiza hiyo moja, umerudi kwenye kazi ya lazima, hata kama ubao wa shule umetundikwa mlangoni.

Na hata shule hiyo haikuwa ya wote. Feza za Leta zilikwenda kwa misioni za kikatoliki. Waprotestanti walingojea mpaka miaka ya 1940. Waislamu wa Kasongo walibaki na njia mbili: shule ya misioni, na ubatizo uko karibu, au chuo cha Korani, ambacho Leta haikukihesabu kuwa shule. Familia nyingi zilichagua imani yao, na watoto wao wakachelewa vizazi viwili kupata kalamu ya ofisi. Tukumbuke hilo tunapoongea na wazazi wa kwetu. Kwa wengine darasa lenyewe ni kitu walichokipata juzi. Ukimwambia mtoto atoke nje ya darasa, mzazi anaona unamnyang'anya.

Mwaka 1967

Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye diploma ya iniversite walikuwa wachache mno, unaweza kuwaweka kwenye chumba kimoja. Lakini kila kijiji kilikuwa kimemwona karani. Karani alivaa viatu. Karani hakupimwa shamba kwa kamba. Kwa hiyo mzazi wa Kabambare aliyeuza mbuzi ili alipe minervali hakuwa ananunua ujuzi wa kulima, huo alikuwa nao nyumbani, bure. Alinunua siku ambayo mtoto wake hataamriwa kulima. Kitabu kilikuwa njia ya kutoka shambani. Sasa wewe unakuja na "masomo ya kisasa" na jembe mkononi!

Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea, kila moja upande wake wa ziwa Tanganyika. Tanzania, mwezi wa 3, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi wenyewe washiriki kupanga na kuamua mavuno yatumiwe vipi. Mnaona, zile hatua nyingine zilikuwamo. Kwetu, mwaka huohuo, Egzamen ya Leta ikaanza. Nayo ilikuwa na wazo zuri: mtoto wa Kasongo apimwe kwa kipimo kimoja na mtoto wa Kinshasa, bila kujali baba yake ni nani.

Je, mwisho ulikuwaje? Tanzania, katika shule nyingi, shamba la kujitegemea lilikuja kuwa kazi tu, hata adhabu: umechelewa, nenda ukalime. Mtihani wa mwisho uliendelea kupima kitabu, na mwalimu aliyetaka wanafunzi wafaulu alirudi kwenye kitabu. Kwetu, Egzamen ya Leta imekuwa ile tunayoijua, maswali ya kuchagua jibu, item baada ya item, dakika zinakimbia. Mtihani wa namna hiyo hauna mahali pa kuuliza "umejaribu nini, na ulikosea wapi?" Na kinachofundishwa ni kile kinachoulizwa. Mwalimu si mjinga, anajua wazazi watahesabu waliofaulu.

Halafu ikaja salongo. Nyie wadogo mnadhani ni neno la kufagia uwanja Jumamosi. Miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, ilikuwa amri: kazi ya pamoja, bila malipo, kwa ajili ya nchi. Na shule nazo zilitoka, madarasa mazima, majembe begani. Mzee mmoja wa Kabambare aliniambia: "Barabara tulitengeneza, sawa, tulipita wote. Lakini mara nyingine tulifika tukakuta ni shamba la mkubwa fulani." Ndiyo salongo aliyoitaja yule mzee wa mlangoni.

Miaka ya 1990 Leta ikashindwa kulipa walimu, na wazazi wakabeba mzigo huo kwa mifuko yao. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 shule ya msingi ya Leta ni bure, ndiyo, lakini sekondari wazazi wanaendelea kutoa. Jiwekeni mahali pao. Unamlipa mwalimu, halafu mtoto wako anamlimia mwalimu? Hapo hata mimi ningekuja mlangoni.

Na sisi wenyewe?

Kabla ya kulaumu wazazi na Leta, tujitazame. Nilisoma agronomia miaka mitano, graduwa mitatu na lisansi miwili. Asistenti alidikti, tuliandika. Aliyekosa noti alinunua silabusi. Nilijua kwa kichwa asilimia ya naitrojeni katika urea, nami sijawahi kushika mfuko wa urea. Kozi ya mbegu nilipata 14 juu ya 20 bila kuotesha hata mbegu moja. Mara ya kwanza nachukua udongo kwa kuupima nilikuwa kwenye staji, na mkulima aliyenishikia ndoo aliona mikono yangu inatetemeka, akacheka. Mimi sihukumu iniversite yangu, walimu wetu walifanya walichoweza na walichokuwa nacho. Nasema tu kwamba mtu hufundisha vile alivyofundishwa.

Sasa karatasi zimebadilika. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 imeweka elimu ya msingi ya miaka minane. Kwa mwaka wa saba na wa nane zimekuja programu mpya za sayansi na hesabu, ambazo somo linaanza na hali ya maisha ya mwanafunzi. Iniversite nazo zimeingia LMD tangu mwaka wa masomo 2021-2022, na kazi binafsi ya mwanafunzi inahesabiwa. Vizuri sana. Lakini ingieni darasani na programu hiyo mkononi.

Una wanafunzi 70 na zaidi kwa dakika 50. Ukigawa makundi kumi, kila kundi lina dakika tano za macho yako. Ratiba ya mwaka umeiandika juma kwa juma, na inspektere akija anataka kuona umefika sura gani. Mbegu haijui juma. Inaota siku yake. Vyombo hakuna, na mshahara unakufanya utafute saa nyingine shule nyingine, kwa hiyo muda wa kuandaa jaribio unautoa usingizini.

Na nje kuna mwalimu mwingine anayetushinda. Nendeni Salamabila, Namoya, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kabambare. Kijana wa miaka kumi na minne anajua kuchimba, kuosha mchanga, kusoma rangi ya jiwe, kupima, kubishana bei. Alijifunza kwa kutenda, haraka, na jioni ana franga mfukoni. Kesho yake shimo linaweza kumfukia, lakini leo amejifunza kitu chenye maana kwake. Shule inayomwambia "andika, funga kaye, kariri" inamwita mtu ambaye masikio yake yako kule. Hii ndiyo sababu sikubali wanaosema tuendelee na chaki tu kwa sababu proje ni ngumu. Kila mwaka viti vinabaki wazi, na tunajua wenye viti wako wapi.

Mwaka wa kwanza nilikosea

Sasa nimalize hadithi ya yule mzee, na haitanipendeza.

Siku ile alipoondoka na mjukuu, wengine walibaki na tukalima. Niliamua mimi kwamba ni mahindi. Niliamua mimi nafasi kati ya mstari na mstari. Nilipima kwa kamba. Ndiyo, kwa kamba! Wanafunzi walilima, walipanda, walipalilia, na kwenye kaye zao hakukuwa na swali hata moja, isipokuwa tarehe nilizowadiktia. Mahindi yalizaa vizuri. Siku ya mavuno yaligawanywa katika chumba cha walimu. Fungu langu nililipeleka nyumbani, tukala, yalikuwa matamu. Ni baada ya miezi ndipo nilikumbuka swali, "atalima ya nani?" Jibu lilikuwa: yangu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa 9, msichana mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, mama anapanda karanga kila mwaka, na nusu haziote. Ni udongo au ni mbegu?" Nilikuwa na jibu la silabusi mdomoni. Nikalimeza. Nikasema: tutajuaje?

Walibishana somo zima. Mwishowe wakaamua kuacha udongo pembeni kwanza, wajaribu mbegu peke yake. Kila kundi lilete karanga 100 kutoka nyumbani, na liandike zilihifadhiwaje: ndani ya maganda au zimebanduliwa, kwenye mfuko au juu ya moshi wa jiko. Makopo ya zamani, mchanga wa mto, maji. Jembe hapana. Siku kumi tulihesabu. Kundi lililokuwa na karanga zilizobanduliwa na kukaa kwenye mfuko lilipata 47 zilizoota. Lililokuwa na karanga za ndani ya maganda, juu ya jiko, lilipata 81. Wengi walishangilia, jibu limepatikana! Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu mwaka uanze hajasema neno, akasimama: "Lakini hatujui. Labda zile 47 ni za mwaka juzi." Darasa likanyamaza. Wenzangu, miaka yangu mitano ya agronomia sikuwahi kusikia sentensi nzuri kama ile kutoka kwa mwanafunzi, pamoja na mimi mwenyewe.

Bei yake niiseme pia. Nilichelewa sura mbili za programu. Niliitwa ofisini kueleza. Makundi mawili hayakuleta chochote, na moja lilidanganya hesabu. Kwenye mtihani wa mwisho hakuna swali hata moja lililouliza juu ya makopo yetu. Sitawaambia kwamba wanafunzi wote walifaulu kwa sababu ya proje, maana sijui, na kijana wa nyuma angenikamata.

Ninachoweza kusema ni hiki. Kwa historia yetu, anayetaka kuleta proje Kasongo au Kabambare lazima aweze kujibu wazi, mbele ya wazazi, maswali matatu. Swali ni la nani, la mwanafunzi au la mwalimu? Anayeandika na kuhesabu ni nani? Na mavuno yanakwenda wapi? Akiwa na jibu baya kwa moja tu, mzazi ana haki ya kumchukua mtoto wake, na tusimwite mjinga. Mambo mengine, madarasa yaliyojaa, mtihani, mishahara, tutayadai kwa Leta na tuendelee kuyadai. Lakini maswali haya matatu hayangojei feza ya mtu. Mwalimu anaweza kuyajibu kesho asubuhi.

Mwisho wa jaribio letu wanafunzi walisoma hesabu zao kwenye mkutano wa wazazi. Yule mzee alikuwako, mjukuu wake alikuwa katika kundi la 81. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake. Walipomaliza aliuliza swali moja tu: "Na karanga zilizoota, mmezipeleka wapi?" Mjukuu akajibu: "Kila mtu alirudisha zake nyumbani, babu. Za kwetu bibi amezipanda nyuma ya jiko." Mzee akasema, "Aa." Akakaa.

Jumatatu yake mtoto alifika na kopo la mpunga limefungwa kwa kitambaa. Akaniambia: "Babu amesema mzihesabu na hizi. Halafu kopo lirudi."